Chuma Kilichotoka Juu: Safari ya Butembo Mpaka Beni

 Mwezi huu nakuomba tusafiri pamoja. Si mbali: tunatoka Butembo tunaenda Beni, kilometa kama 54 tu. Wengi wenu mnaijua njia hiyo kuliko miye. Lakini safari hii tutafanya jambo ambalo msafiri wa huku hana nafasi ya kulifanya, maana macho yake yako ku mashimo ya barabara na ku mizigo yake. Tutatazama juu.

Sababu ni kijana mmoja. Nilikutana naye Butembo, pale magari yanapopakia watu. Alikuwa ametoka Manguredjipa, kule msituni upande wa magharibi, karibu kilometa mia, ambako anachimba dhahabu. Nguo zake zilikuwa bado na udongo mwekundu. Alinionyesha picha ndani ya simu yake: duara kubwa la chuma limelala katikati ya kichaka, watu wamelizunguka, wengine wamelishika.

“Papa,” akaniuliza, “ile chuma ilianguka Kenya toka juu. Kama ingelianguka kwetu Manguredjipa, kilo moja wangetupa ngapi?”

Nilicheka. Kiisha nikaacha kucheka, kwa sababu hakuuliza kwa mchezo. Mtu anayeishi kwa kupima mawe ku mizani huona kila kitu kizito kama kitu chenye bei. Nikamwambia, “Mtoto wangu, nipe muda, nitakujibu vizuri.” Jibu lake ndilo hili ninalokuandikia wewe msomaji.

PARABOLI ZA BUTEMBO

Kabla hatujapanda gari, tembea nami kidogo mu mji. Butembo ni mji wa milima na mabonde, wa matofali mekundu, wa wafanyabiashara wanaoamka mapema. Tazama sasa juu ya mabati ya nyumba. Unaona zile paraboli za televizyo? Umezizoea, lakini zitazame tena. Zinaelekea wapi?

Mtu aliyekwenda Ulaya atakwambia kwamba kule paraboli zinatazama pembeni, upande wa kusini, kama mtu anayechungulia dirishani. Za kwetu zimelala karibu wima, zinatazama mbingu. Mvua ikinyesha, maji yanatuama ndani kama ndani ya bakuli.

Maana yake ni hii. Mstari wa ikweta, ule unaoigawa dunia nusu kwa nusu, unapita kusini ya Butembo, kilometa kama 15 hivi, kabla hujafika Lubero. Zile setilaiti za televizyo zimepangwa juu ya mstari huo huo, kimo cha kilometa karibu 36,000. Huko zinazunguka sawasawa na mwendo wa dunia, kwa hiyo machoni petu ni kama zimesimama. Siye tuko karibu chini yake kabisa, na ndiyo maana paraboli zetu zinatazama juu.

Hizo za televizyo usiziogope. Ziko mbali mno, haziwezi kutuangukia leo wala kesho. Zinazoanguka ni zile za karibu, zinazopita kimo cha kilometa mia chache tu. Hizo zinakimbia sana: kilometa karibu 28,000 kwa saa moja. Kwa dakika 90 hivi zimekwisha kuizunguka dunia yote. Kwa siku moja, mara kumi na tano au kumi na sita.

Sasa chukua chungwa, ndugu msomaji, na uzi. Chora mstari katikati ya chungwa. Hiyo ni ikweta. Zungushia uzi kwa njia yoyote unayotaka, wima au mshazari, ila duara la uzi ligawe chungwa nusu kwa nusu. Utaona kwamba uzi wako lazima ukate ule mstari mara mbili. Hakuna njia nyingine. Na ndivyo ilivyo huko juu. Setilaiti ya Marekani, ya Urusi, ya China, ya India, iwe ya kupeleleza au ya kutabiri mvua, kila mzunguko inavuka ikweta mara mbili. Wenyewe wanakaa mbali, lakini vyombo vyao vyote vinapita ku mstari wetu.

KWA NINI VINAANGUKA?

Tupande gari sasa. Barabara inatoka Butembo, imejaa moto, yaani pikipiki, na malori ya ndizi na mbao. Unapita vijiji kama Maboya na Kabasha. Pole pole unashuka, baridi ya Butembo inabaki nyuma, na jasho linaanza.

Unaposhuka hivi, fikiri: kile chombo cha juu, kwa nini nacho kinashuka?

Watu wengi wanadhani kwamba huko juu hakuna hewa hata kidogo. Si kweli. Kwenye kilometa 300 au 400 hewa bado ipo, ila ni nyembamba kabisa. Lakini kitu kinachokimbia kilometa 28,000 kwa saa kinaisikia. Kila siku hewa ile inakikwaruza, kinapunguza nguvu, kinashuka kidogo. Kadiri kinavyoshuka, hewa inazidi kuwa nzito. Mwishoni, kwenye kimo cha kilometa mia hivi, hakirudi tena juu. Kinawaka moto na kuvunjika vipande.

Kitu cha kwanza kilichorushwa na watu kikaizunguka dunia, Sputnik ya Warusi, kilipanda tarehe 4 Oktoba 1957. Miezi mitatu tu baadaye, Januari 1958, kilikuwa kimekwisha kuanguka na kuungua. Tangu hapo watu hawakuacha kurusha. Leo vitu vinavyofuatiliwa huko juu kwa mitambo ni zaidi ya 30,000, na sehemu kubwa ni takataka: setilaiti zilizokufa, vipande vya roketi (hapa kwetu wengine wanasema fuze).

Vingi vinaungua vikaisha hewani. Vingine haviishi. Kwa nini? Waulize wale mafundi wanaoyeyusha vyuma vikuukuu ili kutengeneza sufuria. Watakwambia alumini inayeyuka upesi. Digri 660 zinatosha. Chuma cha pua kinataka zaidi ya digri 1,400. Na titani, ambayo wanaitumia kutengeneza matanki ya mafuta ya setilaiti, inataka karibu 1,670. Kwa hiyo alumini inaisha juu, lakini tanki la titani linaweza kufika chini likiwa zima, duara kama chungu. Wataalamu wanakadiria kwamba chombo kikubwa kikianguka, sehemu ya kumi mpaka nne ya kumi ya uzito wake inaweza kufika ku ardhi.

KIJIJI CHA MUKUKU

Ile picha ya kijana wetu ilikuwa ya kweli. Tarehe 30 Desemba 2024, saa tisa mchana hivi, watu wa kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni nchini Kenya, walisikia kishindo. Walipokwenda kuangalia, wakakuta duara la chuma lenye upana wa karibu mita mbili na nusu na uzito wa kilo kama 500. Nusu tani, ndugu msomaji! Shirika la Anga la Kenya likafika, likalichukua, likatangaza kwamba ni kipande cha roketi, lile duara linaloachanisha sehemu zake, na kwamba kwa kawaida vitu vya namna hiyo huungua hewani au huangushwa baharini. Hakuna mtu aliyeumia.

Mara moja maneno yakaanza kuruka. Ilivuma kwamba chuma ni cha India na kwamba Kenya imekwisha kudai malipo. Shirika lenyewe likakanusha: uchunguzi ulikuwa bado. Unaona jinsi uvumi unavyokimbia kuliko roketi.

Makueni ni mbali? Kwa gari, siku kadhaa. Kwa mstari ulionyooka, kutoka Butembo ni kilometa kama 900. Piga hesabu. Chombo kinachokwenda kilometa 28,000 kwa saa kinavuka hizo 900 kwa dakika mbili hivi. Kitu kikichelewa dakika mbili kuanguka, au kikiwahi dakika mbili, kijiji kinabadilika, nchi inabadilika.

Ndiyo maana hakuna mtu anayeweza kuja kukwambia, “Kesho saa nne kitaanguka Beni.” Hata wenye mitambo mikubwa, siku moja kabla, wanakosea kwa saa kadhaa. Na kosa la saa moja tu ni kilometa 28,000. Basi mtu akija kukuuzia tarehe na mahali, au akikuambia uuze shamba lako kwa sababu mbingu zinaanguka, ujue anakutafuta mfuko.

TUOGOPE KIASI GANI?

Tuseme ukweli bila kuongeza chumvi. Zaidi ya theluthi mbili za dunia ni bahari. Ku ardhi nako, sehemu kubwa ni pori na jangwa. Tangu 1957 hadi leo hakuna kifo cha mtu aliyekuwa ardhini kilichothibitishwa kwamba kililetwa na takataka za anga. Mwaka 1997 mama mmoja wa Tulsa, Marekani, aligongwa begani na kipande chepesi cha roketi alipokuwa akitembea, hakuumia. Machi 2024 kipande cha gramu 700 hivi kutoka kituo cha anga cha kimataifa kilitoboa paa la nyumba huko Florida; mtoto alikuwa ndani, hakuguswa. Mei 2020 bomba refu la karibu mita 12 lilikutwa kijiji cha Mahounou, Côte d’Ivoire, baada ya roketi kubwa ya China kuanguka.

Kwa hiyo wewe unayepanda moto bila kofia, watatu juu ya kiti kimoja, usiku, bila taa, usinililie habari ya setilaiti. Kifo chako kiko karibu zaidi.

Lakini kuna neno moja linaloniuma. Mwaka 2022 wataalamu wa Canada walipiga hesabu ya vipande vya roketi vinavyoachwa vianguke ovyo. Walikuta kwamba katika miaka kumi inayofuata kuna nafasi kama moja kwa kumi kwamba mtu, mmoja au zaidi, ataumia au kufa. Na hatari hiyo haikugawanywa sawa. Kwenye usawa wa Jakarta, Dhaka, Mexico City na Lagos ni kubwa mara tatu au zaidi kuliko usawa wa New York, Beijing na Moscow. Wanaorusha wako juu ku ramani. Wanaoangukiwa wako huku, karibu na mstari.

Kwani haiwezekani kuzuia? Inawezekana. Kituo cha Warusi kilichoitwa Mir, kizito sana, kiliteremshwa kwa makusudi tarehe 23 Machi 2001, kikaanguka katikati ya Pasifiki kusini, mbali na watu. Lakini kufanya hivyo kunataka kuweka akiba ya mafuta, na mafuta ni uzito, na uzito ni pesa. Ni sawa na dereva wa lori anayebeba mawe bila kuyafunga kwa sababu kamba ni ghali. Jiwe likimpiga mtu wa chini, yeye amekwisha pita.

HATA CONGO ILIRUSHA

Usifikiri kwamba mambo haya ni ya wazungu tu. Wazee wa Katanga wanakumbuka. Wakati wa Zaïre, serikali ilikodisha eneo kubwa mno huko Shaba kwa kampuni ya Kijerumani iliyoitwa OTRAG, ili ijaribu roketi zake. Ya kwanza ilirushwa tarehe 17 Mei 1977, ya pili Mei 1978. Ya tatu, tarehe 5 Juni 1978, Rais Mobutu alikuja mwenyewe kutazama. Roketi ikapanda kidogo, ikapotoka, ikaanguka. Mwaka 1979 kazi hiyo ikasimamishwa, maana majirani na mataifa makubwa walilalamika.

Nakumbusha jambo hili kwa sababu moja. Eneo lile lilikuwa na watu, na mkataba ulipigwa mbali nao. Mtu anayekodisha ardhi yako ili vitu viangukie juu yake, angalau akuulize.

TUNAFIKA BENI

Tumefika Beni. Asubuhi, mawingu yakikubali, unauona mlima Ruwenzori upande wa mashariki, na theluji yake nyeupe. Ni neema ya macho. Lakini hapa, ndugu msomaji, neno “kitu kimeanguka kutoka juu” halichekeshi mtu.

Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni na vijiji vyake wamezika wengi mno. Mapanga, risasi, mabomu. Unaposema kishindo, mtoto wa Beni hafikiri setilaiti. Anakimbia chini ya kitanda.

Nilikaa na mama mmoja karibu na soko. Nilipomsimulia habari za Mukuku, akasikiliza mpaka mwisho, akanyamaza. Kiisha akasema, “Papa, ile ya juu ni ya mara moja. Siye chuma yetu iko chini. Batoto wanaiokota mu shamba.”

Akanieleza. Mtoto wa jirani yake aliokota kitu kidogo cha chuma pembeni ya njia ya shamba. Aliona kinang’aa, akakibeba nyumbani, akakigonga na jiwe ili akifungue. Sasa mtoto huyo anaandika kwa mkono wa kushoto.

Hapo nikaelewa kwamba swali la kijana wa Manguredjipa na neno la mama huyu ni kitu kimoja. Mmoja anauliza bei ya chuma ambacho hakijui. Mwingine ameona bei yenyewe.

KILA CHUMA USICHOKIJUA

Hebu tuseme kile kipande cha roketi kimeanguka kweli, kule Manguredjipa au hapa Mavivi. Hatari yake ni nini?

Kwanza, matanki. Setilaiti nyingi hutumia mafuta yanayoitwa haidrazini. Ni sumu kali. Yana harufu kama ya amonia, mengine kama ya samaki aliyeoza, na ukishaisikia harufu umekwisha kuvuta sumu. Inaunguza ngozi, macho na mapafu.

Pili, mgandamizo. Tanki au chupa iliyojazwa hewa kwa nguvu inaweza kubaki nzima. Ukiipiga nyundo au ukiikata kwa moto, inapasuka kama bomu.

Tatu, mionzi. Hii ni nadra, lakini ilikwisha kutokea. Tarehe 24 Januari 1978 setilaiti ya Kisovieti, Kosmos 954, ilianguka kaskazini mwa Canada. Ndani yake kulikuwa na kinu kidogo cha nyuklia. Vipande vilitawanyika eneo kubwa lenye theluji, na iliwabidi Wacanada na Wamarekani watafute miezi kadhaa kwa ndege na mashine za kupimia. Mionzi haina harufu, haina rangi, haiumi papo hapo. Wewe mchimbaji uliyesikia habari za Shinkolobwe, unaelewa.

Na kama si kipande cha roketi? Basi huenda ni kombora ambalo halikupasuka. Huku kwetu hilo ndilo la karibu zaidi. Kwa macho hutajua tofauti. Kwa hiyo kanuni ni moja kwa vyote, na tuifundishe nyumbani, shuleni, ku kwaya na ku mgodi:

Usiguse. Usipige teke, usigonge, usikate, usichome.

Rudi nyuma kwa njia ile ile uliyojia. Simama upande upepo unakotoka, ili hewa yake isikufikie.

Zuia watoto na mbuzi. Kama kimeanguka ndani ya mto au kisima, msichote maji hapo kwanza.

Mwambie shefu wa kijiji au wa kartie, naye awaambie wakubwa. Kama una simu, piga picha kwa mbali.

Andika siku, saa, na ulichoona. Kama kulikuwa na watu wengine, majina yao yaandikwe.

Usikiuze. Na usikinunue.

Neno kwa wale wanaotazama usiku: kimondo, yaani nyota inayoruka, kinapita upesi, sekunde moja, mbili, kimekwisha. Takataka ya anga inapita pole pole, karibu sambamba na ardhi, nusu dakika au zaidi, ikiacha vipande vingi vinavyowaka vikifuatana kama msafara. Ukiona hivyo usikimbie ovyo. Si mwisho wa dunia wala si ishara ya mtu kufa. Kwa kawaida kile unachokiona kinawaka juu sana, na kama kitaanguka, kitaanguka mbali na wewe.

NANI ANALIPA?

Sasa lile la bei. Kijana wangu, nisikilize.

Ile chuma si yako, hata ikianguka ndani ya shimo lako. Kuna mapatano ya mataifa ya mwaka 1968: kitu cha anga kikianguka ku nchi nyingine, mwenyewe akikidai kirudishwe kwake, na gharama ni zake. Kwa hiyo anayekikata na kukiuza kwa kilo anauza mali ya watu, tena anaharibu ushahidi wake mwenyewe.

Ushahidi wa nini? Wa malipo. Kuna mapatano mengine ya mwaka 1972. Yanasema kwamba nchi iliyorusha ndiyo inayolipa hasara iliyotokea ardhini, hata kama haikukosa kitu. Huna haja ya kuonyesha kosa lake. Unaonyesha hasara, na kwamba kitu ni chake. Canada ilifanya hivyo juu ya Kosmos 954. Ilidai dola milioni sita na kidogo. Mwaka 1981 Wasovieti wakalipa milioni tatu.

Tazama vizuri hapo. Canada ni nchi tajiri, yenye ndege, mashine na wanasheria, ikapata nusu tu. Tena, si mtu wa kijijini anayedai. Ni serikali yake inayodai kwa serikali nyingine, na mapatano yanaipa mwaka mmoja. Je, mjane wa Kabasha ambaye nyumba yake imetobolewa, nani atamwandikia barua hiyo? Ku Beni kuna watu wengi waliochomewa nyumba na ambao bado wanangoja mtu awaulize jina tu.

Siandiki haya ili ukate tamaa. Naandika ili ujue kwamba karatasi ile ndogo, yenye siku, saa, picha na majina ya mashahidi, ndiyo mwanzo wa haki. Aliyeuza chuma kwa kilo amepata chakula cha siku mbili, na barua haina tena cha kusema. Aliyekilinda na kuandika ameacha mlango wazi, kwake na kwa jirani yake.

JIWE LINAPANDA, JIWE LINASHUKA

Kuna jambo moja la mwisho nililomwambia kijana yule, nilipompata tena kwa simu. Ndani ya koltani mna metali mbili: tantali na niobi. Tantali inaingia ndani ya vidude vya umeme vya simu, na vya setilaiti pia. Niobi inatumika ku midomo ya injini za roketi fulani, mahali penye moto mkali. Jiwe ambalo mtu wa Kivu analibeba mgongoni, likishasafishwa mbali, linaweza kupanda mpaka huko juu. Na kinachopanda, siku moja kinashuka.

“Kwa hiyo,” akasema, “wanaweza kuturudishia jiwe letu ku kichwa, na siye tusilipwe mara mbili?”

Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwambia tu, “Lipwe kwanza vizuri ile mara ya kwanza. Na ukiona chuma usichokijua, kaa mbali, uandike.” Akasema atawaambia wenzake ku shimo. Kiisha akauliza kama kalamu inafanya kazi mahali penye mvua nyingi namna ile. Nikamwambia atumie kalamu ya risasi.

Usiku ule Beni ilinyesha, halafu mawingu yakafunguka. Nilisimama uani. Nukta moja ya mwanga ikapita kutoka magharibi kwenda mashariki, bila sauti, bila kumeta. Setilaiti. Nilihesabu mpaka ikaingia kivulini, upande wa Ruwenzori. Kwa muda niliovuta pumzi mara chache, ilikwisha kupita juu ya Butembo, juu yangu, na juu ya mama yule na mtoto wa jirani yake aliyelala.

 

Maswali ya kuzungumza ku kikundi cha vijana:

1. Je, mu kijiji chenu mtoto akiokota chuma asichokijua, anajua amwambie nani?

2. Chukueni chungwa na uzi, mjaribu ile hesabu ya ikweta. Mmeona nini?

3. Kama kitu kingeanguka kwenu leo, nani angeandika siku, saa na majina ya mashahidi? Mchagueni mtu huyo sasa, kabla ya kuachana.